Zamu ya Masalu

Kazi ya Bashiru wa Nansio ni kufikisha boti za tanga. Mafundi wa Mwanza wakishamaliza kuunda, huitwa yeye aisafirishe boti kwa upepo hadi kwa mwenyewe, Kenya au Uganda. Kazi hiyo ameifanya tangu ujanani, na siku zote na mtu mmoja, Masalu, Msukuma mrefu, mbishi, mkoromaji wa kuhamisha samaki. Masika haya homa ikamchukua Masalu. Watu wakamshauri Bashiru atafute mwenzake mwingine, akawajia juu, akasema hataki kusikia. Haya, akatweka tanga peke yake kwenda Uganda.

Ziwa lenyewe halikumsumbua. Kilichomtesa ni ukimya. Mtu aliyezoea kubishana maisha yake yote, mnyime wa kubishana naye muone atakavyokuwa! Ilifika mahali akawa analigombeza tanga. Walipokaribia visiwa vya Ssese, yeye na boti yake, akakumbuka jambo la kuchekesha, akageuka nyuma alisimulie. Akakuta usukani alioufunga kamba mwenyewe. Alilia, tena kwa sauti, maana nani angemsikia?

Alipofika gatini ng'ambo akapandisha bendera ya Uganda, akapeleka pasi yake ofisini. Ofisa wa uhamiaji, mama wa makamo, akamuuliza wamekuja wangapi. Akasema yuko peke yake. Mama akashuka naye kukagua boti. Mle ndani, kando ya jiko, palikuwa na sahani mbili. Moja ilikuwa imeshaliwa, ya pili ina ugali na dagaa, imefunikwa vizuri na bakuli.

Jamani, Bashiru mwenyewe alishtuka. Kwenye boti ya watu wawili, aliyepika hula kwanza, kisha humfunikia mwenzake aliye kwenye usukani, halafu wapokezane zamu. Mkono ulishazoea. Umepika, umepakua, umefunika, na mwenye mkono hana habari.

Mama akafunua kila kifuniko, akapapasa mpaka matanga ya akiba. Hakuona mtu, na hapo ndipo alipozidi kukunja uso. Kama mtu hakufichwa, basi ameshushwa kwa njia za panya, au yumo majini. Akamweleza Bashiru waziwazi kwamba bila maelezo muhuri hagongewi. Boti itazuiliwa, naye atalala polisi.

Neno moja tu lingemtoa pale, na neno hilo Bashiru hakuwahi kulitamka. Msibani walilisema wengine, yeye akashika jembe akachimba kaburi. Tangu hapo kila aliyemuuliza habari za Masalu alimjibu kwamba yupo kwao Magu. Hakuwa anadanganya, kaburi liko huko huko.

"Mzee, chakula hiki ni cha nani?"

"Cha mwenzangu," akasema. "Amekufa."

Mama akampa pole, akalirudisha bakuli juu ya sahani. Walirudi ofisini, akagonga muhuri, akamkaribisha Uganda na kumwambia aende akapumzike.

Bashiru akapokea pasi yake, hakuondoka. Mama akadhani hajamwelewa, akamwambia tena kwamba shughuli imekwisha, anaweza kwenda.

"Najua, mama," Bashiru akasema. "Naomba nikae hapa kidogo, mlipo watu."