Laptopu Iliyofukizwa Ubani

Mama aliifukiza laptopu ubani siku ya Alhamisi, magharibi ikikaribia, kama alivyofukiza kila chenye thamani nyumbani kwetu Kinondo: mito, nguo za Ijumaa, nywele zangu. Aliifunua, akakizungusha chetezo juu ya vibonye mara saba huku akisoma dua, akaifunika kwa leso. Mimi nilikuwa uani naoga.

Mashine haikuwa yangu. Ilikuwa ya bibi mmoja wa Kizungu aliyekodisha nyumba za wageni Diani, nami nilikuwa karani wake. Mwaka ule watalii walikata mguu, hoteli zikapunguza watu, na msichana yeyote mwenye kiti na meza alijua kuna wengine wengi wanaokitolea macho. Bibi alikwenda kwao Ulaya, akaniachia barua za kuwaandikia wageni wa zamani. Alisema akirudi Jumatatu azikute tayari, la sivyo atatafuta mtu mwingine. Hakusema niipeleke laptopu nyumbani. Hilo nililibuni mwenyewe.

Niliichukua ili nionekane, sina sababu nyingine ya kutoa. Alasiri ile niliiweka mkekani barazani, nikaiwasha, wanawake wa jirani wakajaa. Niliwaandikia majina yao kwenye kioo. Kisha nikatoa disketi, lile bamba dogo la plastiki la kuhifadhia barua, nikalisukuma ubavuni mwa mashine, likamezwa kwa mlio. Wakapiga vigelegele. Mama alicheka pamoja nao, lakini nilimwona anavyoyahesabu macho. Ubani wa jioni ulitoka hapo. Mimi nilialika kijicho, yeye akajaribu kukitoa.

Asubuhi ya Ijumaa haikuwaka. Taa ndogo iliwaka, ndani kukanguruma, kisha kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja wa Kiingereza: diski hii si ya mfumo, ibadilishe, ubonyeze kitufe chochote. Nilibonyeza kitufe chochote. Nikabonyeza vyote. Mstari ukarudi uleule. Niliizima, nikangoja, nikaiwasha. Nilichomoa betri, nikaipangusa kwa kanga, nikairudisha. Niliianika juani, nikaona inapata moto, nikaiingiza ndani. Mstari haukubadilika hata herufi. Nilikuwa nimesikia kwamba diski ni moyo wa mashine, uko ndani kabisa, na mimi sikuwa mtu wa kuuliza. Nikaamua moyo umekufa. Nilipoinama kuitazama karibu, nikasikia harufu ya ubani.

"Nani ameigusa hii?"

"Ni mimi, mwanangu. Niliifukiza tu. Jana watu walikuwa wengi."

Wale wanawake wa jana walikuwa wameanza kurudi, wanataka kuona majina yao tena. Nikasema mbele yao. Nilimwita mama mjinga. Nikasema ameniulia kazi kwa moshi wake wa kishenzi, kwamba mtu asiyejua kusoma hata jina lake hana haki ya kugusa kitu kilichotengenezwa na watu wenye akili. Mama alikuwa amechutama anachambua mchele. Alisema, "Niwie radhi, mama, sikujua," nami nikamjibu, "Wewe unajua nini?" Kisha nikaingia chumbani, nikakitoa chetezo, cha udongo, alichoachiwa na mama yake, nikakipiga kwenye jiwe la kisimani. Aliviokota vigae kimoja kimoja, akaviweka kwenye ungo pamoja na makapi. Hakulia. Nilitamani alie, ningejua la kufanya.

Jumamosi nilikwenda Ukunda kwa fundi wa redio, mtu wa bara mwenye kibanda karibu na soko. Alisoma ule mstari mara moja. Akaigeuza laptopu, akabonyeza kibonye ubavuni, na disketi yangu ikachomoza nje kama ulimi. Akaiwasha tena, ikawaka vizuri kabisa, na barua zangu zote zikiwa ndani.

"Sista, iko poa hii," alisema. "Uliiachia kitu mdomoni, ikawa inatafuta pa kuanzia huko. Si ulikuwa unatoa tu?"

Wateja wawili walicheka. Nami nikacheka, huku uso ukiniwaka.

Njiani nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kupanga namna ya kumwambia mama. Nilichopanga kilikuwa kingine. Kumwambia ukweli ni kukiri kwamba chetezo kilivunjwa bure, na ile baraza nzima ingejua kabla ya adhuhuri. Nilimkuta mama amesimama mlangoni.

"Imepona?"

"Imepona. Fundi amesema ulikuwa ni moshi. Ameusafisha."

"Alhamdulillahi. Na yule bibi akijua?"

"Akijua atanifukuza."

Nilisema hivyo ili anyamaze. Sikujua ataubeba mzigo huo.

Jumatatu saa nne bibi alikuwa mezani anapitia barua, ameridhika, mlango uko wazi. Mama akaingia. Alikuwa amevaa buibui lake la sikukuu, miguu imejaa vumbi kwa kutembea kutoka Kinondo, na kwapani ana kuku wake wa pekee aliyekuwa akitaga, amefungwa miguu kwa ukili. Alimwamkia bibi shikamoo, mwanamke mdogo kwake, ambaye yeye mama angeweza kumzaa. Kisha akasema taratibu, bila kunitazama, kwamba kosa ni lake, mtoto hana hatia, yeye ndiye aliyeitia moshi mashine ya watu, na amekuja kuomba radhi.

Bibi alijua maneno kumi ya Kiswahili, yote ya kuagiza. Akanigeukia kwa Kiingereza. "Anataka nini?"

"Anauza kuku," nikasema.

Bibi alitabasamu, akatikisa kichwa, akamwonyesha mlango kwa upole. Mwambie leo hatuhitaji, akasema, akarudi kwenye barua. Mama alikuwa amemtazama kile kichwa.

"Amekataa?"

"Amekataa, mama. Nenda."

Hakumchinja yule kuku wala hakumuuza. Alisema ameshatolewa, ni wa watu, yeye anamtunzia mwenyewe tu. Kila wiki alinifungia mayai kwenye kitambaa nimpelekee bibi, huenda moyo wake ukalainika. Nilikuwa nayachemsha kwenye birika la ofisini, nayala na chumvi saa ya chakula cha mchana. Jioni nilimkuta barazani ananisubiri.

"Amesemaje?"

"Bado," nilimwambia.