Nilisema "Wakala" Kiwandani, Wakanivunja Taya

Jamani, mimi nimepigwa mpaka meno mawili yakabaki sakafuni. Kisa? Neno moja tu. Wakala.

Kazi yangu ni kusakinisha programu kwenye kompyuta za makampuni. Huwa sizungukii mashine moja moja. Kila kompyuta naiwekea kiprogramu kidogo ambacho sisi mafundi tunakiita wakala. Kinakaa kimya, kinapokea amri kutoka kwenye seva, kinaripoti: hii imeingia, ile imegoma.

Siku hiyo nilikuwa kiwanda cha sabuni. Kompyuta sitini na mbili, na paketi moja ya programu aliyotukabidhi bosi wa kiwanda tuzisambazie.

Nisichokijua ni kwamba wiki hiyohiyo watu watatu wa mauzo walifukuzwa kwa maneno waliyoandikiana wenyewe kwa wenyewe. Kiwanda kizima kilikuwa kinamsaka msaliti aliyeyafikisha kwa bosi.

Saa saba mchana nimesimama kwenye korido ya stoo, naongea na mwenzangu kwa simu. Kwa sauti, kama kawaida yangu.

"Mawakala wangu wako kila ofisi. Wanaripoti kila robo saa."

"Wote?"

"Wa stoo ndiye kakwama. Namuua sasa hivi, naweka mwingine."

Kuua, kwetu, ni kuisimamisha programu iliyoganda. Basi.

Nageuka, wanaume watano wamejaa mlangoni. Mbele yao dereva wa foklifti, jitu la miraba minne, wanamwita Nondo.

"Rudia. Unamuua nani stoo?"

Nikacheka. Hapo ndipo nilipoharibu.

Ngumi ya kwanza ilinipasua mdomo. Ya pili sikuiona. Nikashtukia niko chini, buti linanikanyaga mbavu, simu yangu inasagwa kama mende.

"Ni programu! Ni programu jamani!"

"Programu inauawa? Eti programu inaripoti?"

Mmoja akang'oa ubao kwenye paleti akampa Nondo. Ulinishukia usoni. Taya lilisema kwach! Mlio niliusikia kwanza, maumivu yakafuata.

Nikaona ubao unapanda tena. Nikajua naondoka duniani.

Mara mtu akajitupa juu yangu. Mama Lebo, mama mtu mzima anayebandika lebo kwenye katoni.

"Mdogo wangu ni mmoja wa waliofukuzwa!" akapiga kelele. "Wangu mimi! Mkitaka kuua mtu kwa ajili yake, anzeni na mi..."

Ubao ulikuwa umeshashuka. Ukampata begani.

Nondo akauangalia ubao mikononi mwake kama vile kapewa na mtu asiyemjua.

Siku ya tatu niko hospitali, taya limefungwa waya, mwenzangu akaja na laptopu. Uso umemshuka.

"Ile paketi aliyotukabidhi bosi wa kiwanda, akasema ya kuhesabia mzigo, uliifungua?"

Nikatikisa kichwa. Nilisoma jina na namba ya toleo, nikaisambaza.

"Ndani kuna kitu kinapiga picha skrini. Kila robo saa. Picha zinaenda kwake. Mwezi uliopita alimtumia fundi mwingine kuiweka pale mauzo tu. Wewe alitaka ummalizie kiwanda."



Nilikuwa nimegaagaa pale chini nikilia kwamba mimi si jasusi. Kumbe nilishapanda majasusi sitini na mmoja. Wa stoo peke yake ndiye aliyekwama.

Nakala ya ushahidi tulihifadhi. Kisha nikaivuta laptopu, kidole kimoja kimevimba, nikaandika amri ya kuiondoa ile paketi. Mashine zikajibu moja baada ya nyingine: imeondolewa, imeondolewa.

Chama cha wafanyakazi kikaipeleka ile nakala mahakamani. Bosi akaondolewa, wale watatu wakarudi kazini. Nondo alikula mwaka mmoja jela, na sikumwombea msamaha. Alikuwa na haki ya kuuliza. Hakungoja jibu.

Mama Lebo hainui tena mkono kupita kifua. Nilipokwenda kumwona, alinikazia macho.

"Hukujua kweli?"

"Sikujua, mama."

"Ulisoma?"

"Jina na namba ya toleo tu, mama."

"Basi usiseme hukujua, mwanangu. Sema hukusoma."

Ndugu mafundi wenzangu, paketi ya mtu ifungue kabla hujaisambaza. Hata kama amekupa bosi. Hasa kama amekupa bosi.