Swali Nililoliacha Lipite

Kwa miezi kumi na minne nilikuwa kaimu mkuu wa idara ya kutafuta ufadhili katika shirika letu dogo la mjini Tarime. Neno kaimu lilikuwa chini ya kila barua niliyosaini, na kila nilipolichapa nilijiambia litaondoka lenyewe, kama upele. Halikuondoka. Siku moja mkurugenzi aliniita ofisini, akaniomba nikae, akaniambia bodi imempata mkuu wa kudumu kutoka ofisi ya utafiti ya chuo kikuu kimoja, mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuwasaidia wahadhiri kupata fedha za utafiti wao.

"Mama, utamsaidia azoee," alisema.

Nilisema sawa. Kisha nikaenda chooni, nikakaa humo hadi macho yakakauka.

Alikuja Jumatatu akiwa na begi moja la mgongoni. Nilimzidi miaka kumi na miwili. "Shikamoo dada," alisema mbele ya ofisi nzima, akikunja magoti kidogo. Ilikuwa heshima, najua. Mimi niliisikia kama tangazo la umri wangu.

Tangu siku hiyo nilimchunguza. Niliona kwamba alijibu barua za wafadhili kabla ya saa nne asubuhi, kwamba alijua majina ya watoto wa wahadhiri aliokuwa akifanya nao kazi, kwamba alipopiga simu alianza kwa kusikiliza. Maandiko yangu ya miradi yalikuwa na kurasa thelathini na majedwali yaliyonyooka. Yake yalikuwa na kurasa sita, na aliyeyasoma alitaka kujua kesho yake kulitokea nini. Katika kikao kimoja mkurugenzi alitusomea aya yake kwa sauti. Ilimhusu mwanamke wa kijiji cha Kisaka aliyezika ndama watatu katika wiki moja. Mhasibu alivua miwani akaifuta. Mwanamke yule nilimhoji mimi, nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake, nikinywa uji wake. Katika andiko langu alikuwa mstari wa nne wa jedwali la pili.

Muda wake wa majaribio ulikuwa miezi sita. Niliuandika mwisho wake kwenye kalenda yangu kwa penseli, kwa sababu mkurugenzi alikuwa ameniambia, labda kunipoza tu, kwamba asipothibitishwa bodi itarudi kwangu. Kipimo chake kilikuwa kimoja: andiko la pamoja na chuo kikuu, la kutafiti magonjwa ya ng'ombe wanaolishwa karibu na hifadhi. Kabla ya kuamua, mfadhili angemtuma mtu kijijini Nyanungu kuona tunavyozungumza na wafugaji.

Siku mbili kabla ya safari aliniletea dodoso lake mezani. "Dada, wewe ndiye mwenyeji, na ndiye utakayetafsiri. Kuna lolote la kubadilisha?"

Swali la kwanza lilikuwa hili: Una ng'ombe wangapi?

Nimezaliwa Nyarero. Kwetu mtu mzima haulizwi idadi ya ng'ombe wake mbele za watu. Anayeuliza ni mpelelezi wa wezi au mtoza ushuru, na hata asipokuwa hao, wazee husema kundi likitajwa kwa idadi huanza kupungua. Baba yangu alipoulizwa alijibu neno moja tu, "Wapo," akageukia mazungumzo mengine. Mtoto anayeanza kuchunga mbuzi anajua hili. Nilichukua kalamu nyekundu, nikasahihisha mkato kwenye swali la tano, nikamrudishia karatasi.

"Liko vizuri," nikasema.

Mgeni wa mfadhili alikuwa Mkenya, mama mchangamfu aliyevuka Sirari asubuhi ile. "Poleni, hapo mpakani laini ilikuwa ndefu ajabu," alisema akipanda gari letu. Tulifika Nyanungu saa tano. Wafugaji walikuwa wakitungoja katika darasa la shule ya msingi, wote wazee, wamejibana kwenye madawati ya watoto, fimbo zao zimeegemezwa ukutani. Tuliwaamkia, wakaitikia, tukakaa.

Mkuu wangu akasoma swali la kwanza. Bado nilikuwa na nafasi. Mkalimani anaweza kulipindisha swali likafika likiwa na adabu, na mimi nimefanya hivyo mara nyingi bila kuombwa. Safari hii nililipeleka kwa Kikurya lilivyo, neno kwa neno.

 Kisha mzee mmoja aliyevaa koti la suti na mabuti ya mvua akajibu kwa Kiswahili, ili wageni wote wasikie.

"Binti, na wewe mdomoni una meno mangapi? Fungua tuhesabu."

Wakacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Mwambie wapo," mwingine akadakia. "Akitaka zaidi aje awakamue." Wawili wa nyuma wakasimama, wakachukua fimbo zao.

Mzee wa koti akanigeukia mimi. "Huyu ni mgeni, mgeni ni kipofu. Wewe je? Wewe ni mtoto wa Nyarero, kwenu kuna zizi. Hukumwambia?"

"Niliona ni swali la kawaida, baba," nilisema.

"Kawaida! Makaratasi yamekula akili yako."

Nilimngoja mkuu wangu anitazame. Nilikuwa tayari, kama angenisema pale, ningemchukia kwa raha. Hakunitazama. Alilikunja dodoso, akasimama.

"Baba zangu, kosa ni langu. Karatasi hii nimeiandika mimi. Nifundisheni. Mtu akitaka kujua ukubwa wa kundi bila kumkosea mwenyewe, anaulizaje?"

Waliokuwa wamesimama wakatazamana. Mzee wa koti akakuna kidevu. "Anauliza hivi: ng'ombe wako wa kwanza akifika mtoni, wa mwisho yuko wapi?"

"Na wako, baba, wa mwisho anakuwa wapi?"

"Wangu? Wa mwisho bado anajikuna kwenye mlango wa zizi!"

"Mwongo huyu!" akapaza sauti jirani yake. "Wake wa kwanza na wa mwisho wanakunywa kwenye sufuria moja!"

Hapo darasa likafunguka. Wale wawili wakarudi kukaa. Walibishana, wakataniana, wakatueleza nani amepoteza ndama kwa homa na nani analisha karibu mno na nyumbu, na mimi nikatafsiri hadi koo likakauka. Mgeni aliandika daftari zima. Tukiwa njiani kurudi alisema, "Mimi nimezunguka sana, lakini sijaona mkubwa wa idara akikubali kosa mbele ya watu namna hii. Hiyo ndiyo nitaenda kuwaambia."

"Bila dada hapa tusingeelewana," mkuu wangu alimjibu, akanigusa bega.

Nilitazama nje dirishani. Miaka kumi na mmoja nimeingia Nyanungu bila kuwakosea wazee hata mara moja, na hakuna aliyenisifu. Yeye alikosea siku moja tu, na kosa lenyewe likamtafutia mfadhili. Nililionea wivu hata kosa lake.

Wiki iliyofuata mkurugenzi alinipa fomu ya tathmini. Maoni ya msaidizi wa karibu, alisema, yangesomwa na bodi kabla ya kumthibitisha. Nilijaza haraka sehemu za juu: mahudhurio, uandishi, mahusiano na wafadhili. Penye mapungufu niliandika, "Hawaulizi wenyeji kabla ya kwenda vijijini." Sentensi ilikuwa fupi na safi, ya kuaminika. Bodi ingeisoma ikikumbuka habari za Nyanungu.

Fomu ilikaa siku tatu kwenye droo yangu. Kila nilipoitoa nilimsikia akiniuliza kama kuna lolote la kubadilisha. Aliniuliza. Alikuja mezani kwangu kwa miguu yake akaniuliza. Siku ya nne niliomba fomu nyingine, nikanakili yote, na penye mapungufu nikaandika, "Sijaona." Nikasaini, nikampelekea mkurugenzi kabla sijabadili mawazo.

Alithibitishwa. Mkurugenzi alitangaza kwenye kikao cha Jumatatu, na ofisi ikapiga makofi. Nami nilipiga, wa mwisho kuanza na wa kwanza kuacha.