Kivumo Kisimani

Harufu ya wino ilipanda kutoka kisima cha nyuma ya nyumba yetu, Jomvu Kuu, kali kuliko ubani, na askari wakateremsha kiopoo kama watu wafanyavyo ndoo inapozama. Kilichopanda ni bunda la Kivumo, jarida la baba, likichuruzika maji meusi. Baba amesimama, pingu mikononi. Mama akaniita, "Mwanaisha!" Nikaitika, "Abee, mama." Alitaka tu nisitazame. Nilitazama. Ndiyo mara ya mwisho niliyomwona baba.

Kivumo kilizaliwa ukumbini kwetu, kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Kwanza bismillahi, kisha mashairi, kisha maneno ya kuuliza Mwingereza akiondoka ardhi yetu atamwachia nani. Baada ya alasiri kilisomwa barazani, kuanzia Jomvu hadi Magogoni, na wasiojua kusoma walikihifadhi moyoni. Serikali ilipokipiga marufuku, mwingine angezichoma nakala zake. Kwetu karatasi yenye jina la Mungu haitiwi jikoni. Huzikwa, au hutoswa majini. Mama akazitosa katika kisima kile, ambacho hakikuwa kikitumika tena. Kikulacho ki nguoni mwako: Maalimu Khatibu bin Shee, mtunzi wa jarida hilohilo, aliyekula wali wetu kila Ijumaa, ndiye aliyewaambia askari, nami nikisikia, "Msihangaike na jivu. Hawa hawachomi. Opoeni majini." Na kiopoo chenyewe alikuwa amekiazima kwetu.

Basi kisima kikaanza kusoma. Wallahi sisemi uongo. Adhuhuri, jua la utosi, hapana mtu, utasikia sauti huko chini inakwenda kwa vina, ikifika kituo inanyamaza, kana kwamba yangoja kuitikiwa. Mama akawa anaitikia. Wenzangu walinicheka, "Mwanaisha, babako leo katoa toleo gani?" Lakini hakuna aliyethubutu kupita nyuma ya nyumba.

Uhuru ukaja, na Khatibu akapewa kiti cha mbele. Siku hizi wasomi huja kuuliza historia ya Kivumo, naye huwasimulia, ati yeye ndiye mwasisi. Mimi niliyeishia darasa la tatu, nani ataniuliza? Lami tunayo, bendera tunayo, lakini mama alikufa bila kukaa eda, maana hakuna aliyemwambia kama ni mjane.

Khatibu bin Shee, ungali hai, waswali safu ya kwanza. Wale askari walimpeleka wapi baba? Kaburi lake liko wapi? Nijibu wewe, mbele ya watu, kabla hujaingia lako.