Baba Alipotoa Kitanda Nje

Enzi zetu pale Bariadi, mtu mzima alilala nje kwa sababu mbili tu: kuna msiba, au mkewe amemfungia mlango. Sababu ya tatu haikuwepo. Ndiyo maana watoto wa siku hizi wakiniambia wanakwenda kulala kwenye mahema wikiendi "kupumzisha akili", nawatazama na kujiuliza ni akili ipi hiyo iliyochoka.

Nazungumza na nyinyi wa rika langu, mliokuwa shule ya msingi enzi za ruksa, maduka yalipojaa ghafla. Mnakumbuka sabuni zenye harufu ya matunda, tulizozinusa mpaka mwenye duka anatufukuza? Mnakumbuka mitumba ya kwanza, mwalimu wa zamu anakuja mstarini na koti la nchi za barafu huku jua linachoma? Tulicheza rede mpaka miguu ikawa ya kijivu, tukarudi nyumbani tukitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Wanunuzi binafsi wa pamba ndio kwanza walikuwa wameanza kuja, kila mmoja na mzani wake, na baba yangu hakumwamini hata mmoja. Pamba yetu ilikaa ndani, imejaa chumba hadi karibu na bati, na mimi na dada yangu Minza tulilala juu yake. Sijapata godoro kama lile tena, ingawa asubuhi tulikwenda shule na nywele nyeupe kama vikongwe.

Miaka ilienda, Minza akamaliza shule na kupata mchumba, Masunga wa Mwamanyili, kijana mpole ambaye dada alimpenda mpaka akawa anaunguza mboga. Washenga walikuwa waje Jumamosi kuzungumza ng'ombe. Jumatano wakatokea wazungu wawili, mzee na mkewe, wakielekea Serengeti. Gari lao lilikuwa na nyumba mgongoni: kitanda, jiko, karo la kuoshea vyombo, hadi mapazia. Wakaomba kupiga kambi kwenye shamba letu lililokwisha kuvunwa, Mwalimu Sitta wa shuleni kwetu akitafsiri kwa Kiingereza chake cha darasani. Baba akakubali kwa furaha. Halafu wakashusha hema dogo, wakalisimamisha pembeni ya ile nyumba yao, wakalala humo.

Baba alilizunguka lile hema mara tatu. Mgeni kulala nje kwenye mji wako, wewe ukiwa ndani umejifunika, kwetu ilikuwa aibu ya kuhamisha mtu. Washenga wakikuta hali ile wangerudi Mwamanyili kusema tunanyima wageni mlango, na kijana wao akija ukweni atalazwa zizini. Tena huko Mwamanyili kulikuwa na binti mwingine ambaye shangazi zake Masunga walishaanza kumsifia. Minza alilijua hilo, akaacha kula.

Siku ya kwanza baba aliwapa wageni chumba. Wakashukuru, wakatabasamu, wakarudi hemani. Siku ya pili akawapa kitanda chake mwenyewe, cha chuma, fahari ya nyumba nzima. Wakakipiga picha. Bibi, mama yake baba, akatoa hukumu: "Hawa wamefukuzwa kwao. Tena wote wawili, sijui na nani."

Ijumaa jioni baba akaishiwa maarifa. "Kama mgeni hataki kuingia," akasema, "mwenye mji atatoka." Na akatoka kweli. Kitanda cha chuma kilipita mlangoni kwa shida, kikawekwa shambani hatua chache kutoka kwenye hema. Mama akafuata na mikeka, bibi na kigoda chake, sisi watoto na magunia. Minza peke yake akabaki ndani, maana mchumba haonekani ovyo washenga wakiwa njiani. Majirani walipoona tumehamia nje wakasema hatuwezi kumwacha mwenzetu, wakaja na mikeka yao, wala hakuna aliyeuliza kwa nini. Wazungu walitupigia makofi. Nadhani waliamini ni mila yetu ya mavuno.

Washenga walikuwa wanne, wakiongozwa na Mzee Lufunga, baba mdogo wa Masunga. Walikuwa wamelala Dutwa kwa ndugu, wakadamka na baiskeli ili wawahi. Wakafika jua halijapanda, wakaona watu wamejaa shambani wamelala, moto wa kuni unafuka, turubai limesimamishwa, na mama wa kizungu amejifunga kanga anachemsha chai. Mzee Lufunga hakuuliza kitu. Kwetu ukikuta hivyo huulizi. Unalia kwanza, jina utaambiwa baadaye. Akatupa baiskeli, akashika kichwa: "Yoo, mayo wane! Mama yangu!" Wenzake wakapokea.

Baba akagutuka kitandani, akawaona washenga wa binti yake wanalia. Kwa akili yake akaelewa kwamba Masunga amekufa na hawa wameleta taarifa. Akaangua kilio. Mama akapokea. Majirani wakalia kabla hawajafumbua macho. Mama wa kizungu akamkumbatia mama yangu, machozi ya kweli yakimtoka, na mumewe akavua kofia. Muda si mrefu watu wakaanza kumiminika kutoka upande wa Somanda, wengine na kuni, wengine na unga.

Minza akasikia. Akatoka mbio, akamwona baba yu hai, mama yu hai, na wanaolia kwa nguvu zaidi ni wa upande wa Masunga. Akaanguka palepale. Nimesimulia kisa hiki mara nyingi na nacheka kila mahali, ila hapo sicheki. Nilikuwa nimeushika mkono wake, na ulikuwa wa baridi.

Bibi ndiye hakulia. Alikuwa kwenye kigoda chake akihesabu vichwa, akaona wote tupo. Akagonga fimbo chini.

"Nani kafa?"

Kilio kikakatika. Mzee Lufunga akamtazama baba. "Si kwenu?"

Baba akafuta kamasi. "Si kwenu?"

"Masunga je?" Minza akauliza, bado yuko chini.

"Masunga tumemwacha anakamua," akasema mzee.

Baba akaeleza yote, akionyesha hema. Mzee Lufunga akaenda kuchungulia ndani ya gari, akaona kitanda kimetandikwa vizuri, akarudi akitikisa kichwa. Minza alikuwa amenibana vidole mpaka vikafa ganzi.

"Baba Minza, umetoa kitanda chako nje kwa ajili ya watu usiowajua?"

"Sasa ningefanyaje, mzee wangu?"

"Basi. Machozi ya ndoa hii tumeshalia yote leo, pande zote mbili. Tuzungumze ng'ombe."

Wazungu walikula nyama nasi, na walipoondoka wakamwachia Minza lile hema kama zawadi ya ndoa. Alituachia nyumbani, tukafunikia pamba miaka mingi.

Mwaka juzi Minza alitutoka. Nilikwenda Mwamanyili na mkeka wangu. Mahema ya kukodi yalipendeza, yana mapazia meupe, lakini jioni mwenyewe alikuja kuyafungua kwa sababu kesho yake yalikuwa na harusi. Vijana wakapanda bodaboda kwenda kulala gesti, eti mbu. Tukabaki nje wanne: mimi, Masunga na wazee wawili. Nilimlilia dada yangu, na nilitamani sana bibi atokee, agonge fimbo, aulize swali lake, na sisi tutazamane tukute hakuna.

Mwezi uliopita Kabula, binti wa Minza, mmoja wa wale wa gesti, alinitumia picha kutoka kwenye kambi moja nje kidogo ya Mwanza. Hema la mviringo, kubwa kuliko nyumba yetu ya zamani, lina zulia, feni na kitanda cha mbao. "Mama mdogo, leo tumelala nje!" ameandika, anacheka, na meno yake ni ya Minza kabisa.

Nikamjibu: "Nani kafa?"

Akanirudishia alama za kuuliza, msururu mzima. Wa kucheka nami tulimzika Mwamanyili.