Ramani Niliyomchorea Binti Yangu

Mwaka ule binti yangu alirudi nyumbani kwetu Mwaya na bomba la chuma lenye mpini, refu kupita kimo chake, pamoja na karatasi za manila alizozikunja kama mkeka. Alikuwa anasomea shahada ya uzamili katika sayansi ya mazingira. Nilimwuliza ni mazingira gani hasa, maana mimi nimesoma chuo cha Biblia tu, na uinjilisti ndiyo kazi niliyofanya hadi nikazeeka. Akacheka.

"Nasoma mto wetu, tata. Lakini mto hausomwi kwa maji peke yake. Nasoma udongo, nasoma picha zinazopigwa kutoka angani, nasoma na maneno ya watu."

"Maneno ya watu nayo ni sayansi?"

"Kwetu ni sayansi. Picha za angani hazirudi nyuma sana. Mto ulipita wapi wewe ulipokuwa mtoto, hakuna mashine inayojua. Mnajua ninyi wazee."

Nilimshukuru Mungu kwa mtoto huyu. Mama yake alikuwa ameuza mpunga na kokoa mpaka binti akamaliza shule, na hakuwahi kumwona amevaa joho.

Kaburi la mama yake lilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba, hatua chache kutoka dirisha la chumba changu. Mto ulikuwa mbali kidogo, lakini kila masika ulikuwa unakata ukingo na kusogea upande wetu. Binti yangu aliamini kwamba unatafuta njia yake ya zamani. Jioni ya kwanza, tukila ndizi za mbalaga, alisema wazi kilichomleta.

"Kama njia ya zamani ilipita hapa kwetu, mama inabidi tumhamishe kiangazi hiki. Nimeshaongea na wajomba, wako tayari. Kibali nitakifuata mwenyewe."

Mimi nilijua ilipopita. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukioga pale pale ilipo nyumba yangu leo, kabla mto haujahama. Baba alinipa eneo lile likiwa limeota matete. Mke wangu alipofariki, kaka zake walitaka azikwe juu, kwenye kilima karibu na kanisa. Nilikataa. Nilitaka awe karibu nami. Vijana waliochimba kaburi walisema, "Mwinjilisti, huku chini ni mchanga mtupu." Nikawaambia waendelee kuchimba.

Sasa nikubali kwamba nilimlaza kwenye kitanda cha mto? Niwatazame vipi kaka zake? Na zaidi ya hayo, sikuwa na nguvu ya kumzika mara mbili.

Mkutano wa wazee ulifanyika kwenye banda la kukaushia kokoa. Binti yangu alitandaza manila chini, akaweka mawe kwenye pembe nne, akatugawia kalamu za rangi tuchore mto wa zamani. Kila mmoja aliogopa kuanza. Jirani yangu mjane, ambaye mumewe alikuwa rafiki yangu na alizikwa nyumba ya tatu kutoka kwangu, ndiye aliyenisukuma.

"Haya, mwinjilisti, chora. Wewe si ndiye unayejua mpaka njia ya kwenda mbinguni?"

Watu wakacheka. Nikashika kalamu ya bluu. Nilichora mto wa zamani ukipita mbali, upande wa majaruba ya mpunga yanayoelekea Ngonga.

"Huo ni mto au ni nyoka aliyekanyagwa?" mjane akauliza, wakacheka tena.

Kisha mzee mmoja aliinamia karatasi, akakuna kidevu. "Mimi nilidhani ulikuwa huku zaidi," akasema, kidole chake kikielekea kwangu.

Nilimtazama tu. Akarudisha kidole. "Basi, kama mwinjilisti anasema hivyo."

Wote wakakubali. Binti yangu aliandika kwenye daftari lake kwamba wazee wamekubaliana.

Siku mbili baadaye alizamisha lile bomba la chuma kando ya migomba yetu. Lilipotoka, chini ya udongo mweusi wa kimo cha mkono kulikuwa na mchanga safi wenye vijiwe vya mviringo. Aliuweka kiganjani, akanijia.

"Tata, mchanga huu umetoka wapi?"

"Tuliuleta wakati wa kujenga."

Akaufunga kwenye mfuko na kuandika namba juu yake. Nimefundisha habari za Petro kumkana Yesu miaka mingi. Siku ile hakuna jogoo aliyewika.

Kiangazi kikapita, akarudi chuoni kuandika. Masika yalipofika, mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Asubuhi ya siku ya tano nilitoka nikakuta migomba haipo. Ukingo ulikuwa umekatwa wima kama kwa jembe, na maji mekundu yalipita chini ya dirisha langu kuelekea ziwani. Hata msalaba wa saruji sikuuona.

Nilimpigia simu.

"Mwanangu, mto umemchukua mama yako. Na mimi nilijua ulipita hapa."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla hatujamzika."

Akasema polepole, "Baba, mimi nilikuuliza mara mbili." Siku zote huniita tata, kwa lugha yetu ya nyumbani. Siku ile aliniita baba, kama ninavyoitwa na wageni.

Alikuja wiki iliyofuata. Hakunigombeza. Alitandaza ile ile manila juu ya meza, akanipa kalamu nyekundu. "Chora tena." Nikachora, na mstari ukapita nyumbani kwangu.

"Naomba ruhusa niandike kwamba ramani ya kwanza haikuwa kweli, na kwa sababu gani. Jina sitaweka."

"Andika."

Alilazimika kurudia sura nzima, na wenzake walivaa majoho bila yeye.

Tulipoutazama mstari mwekundu tuliona mahali unapopita baada ya kwangu. Nyumba ya tatu. Nilikwenda mwenyewe kwa yule mjane, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kupepeta mchele wake.

"Kwa hiyo ningemfuata mume wangu ziwani, kati ya samaki," akasema. Baadaye akaweka ungo chini. "Utakuja kumwombea. Usidhani utakwepa."

Kibali kilipopatikana tulimhamishia mume wake juu, karibu na kanisa, mahali pale pale kaka za mke wangu walipopataka. Kabla ya kuchimba, binti yangu alizamisha bomba lake, akalitoa, akaniwekea mkononi kilichokuwa ndani. Ulikuwa udongo mwekundu, mzito. Niliufinya ukashikana, hata punje moja ya mchanga haikuwamo.

"Hapa panafaa, tata," alisema.

Nikamshukuru kwa lugha yetu: ndaga. Kisha nikafungua kitabu, nikamwombea mume wa jirani yangu.