Soksi ya Kushoto ya Mwalimu

Saa moja asubuhi, maji yameshachemka. Dada Beseni anayapooza kwa maji ya bomba, anachovya kiwiko, anaongeza kidogo, anachovya tena. Chumbani, mzee aliyestaafu ualimu mkuu ameketi ukingoni mwa kitanda, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, soksi nyeusi miguuni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa."

"Sijachelewa. Wewe ndiye umeamka na haraka zako."

Mzee anacheka kidogo. Siku nyingine angekuwa ameshavua soksi. Leo hazivui, kwa sababu anajua nani anakuja.

Dada Beseni ni mhudumu wa wazee majumbani. Jina hilo alipewa na watoto wa mtaa kwa ajili ya beseni la bluu analolibeba kwapani nyumba hadi nyumba. Anaogesha, anabadilisha mashuka, anakata kucha, analisha wasioweza kushika kijiko. Posho yake haifiki mwisho wa mwezi, na siku hizi akiinama hunyanyuka kwa awamu. "Wazee wangu wananicheka," anasema. "Eti mimi ndiye wa kuogeshwa."

Lakini sehemu ngumu ya kazi yake haionekani, nayo ni kunyamaza. Ukimvua mtu mzima nguo, unayaona ambayo hata wanawe hawajayaona.

"Mzee akikuambia hili libaki hapa hapa, linabaki," anasema. "Ukitoa siri ya mmoja tu, basi, mtaa mzima hakuna atakayekufungulia mlango."

Ofisi ya ustawi wa jamii inayomtuma na zahanati ya mtaa ziko ndani ya ua mmoja. Zinatumia geti moja, hata choo kimoja. Tuseme ukweli, kwa miaka mingi hakuna aliyevuka ua kumuuliza mwenzake habari za mzee yeyote. Wazee walikwenda kliniki wamevaa vizuri, wamejipaka manukato, wakamwambia daktari kwamba ni wazima kabisa. Daktari naye akaamini, angefanyaje?

Bibi mmoja, fundi cherehani, ndiye aliyebadilisha mambo, na hakuyabadilisha akiwa hai.

"Tulimpima presha kila mwezi," anasema muuguzi wa zahanati, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. "Alikuja anatabasamu, kajitanda khanga mpya. Akafa kwa kidonda cha mgongoni ambacho sisi hatukuwahi kukiona."

Dada Beseni anaangalia chini. "Mimi nilikuwa nakiosha kila siku. Aliniapisha nisimwambie mtu."

Walikutana msibani, wameketi mkeka mmoja, wakaanza kuzungumza. "Tuliangaliana tu," anasema muuguzi. "Kila mmoja alikuwa na nusu ya yule bibi. Uchungu niliousikia siku ile, we acha tu."

Waliwasumbua wakubwa wao mpaka ofisi hizo mbili zikakubaliana: sasa, mara moja kwa wiki, muuguzi na mhudumu wanazunguka pamoja majumbani. Leo ni zamu ya Mwalimu.

Mwalimu ana kisukari. Ndani ya soksi ya kushoto, kidole gumba kimeanza kuwa cheusi. Dada Beseni alipokiona alitaka kupiga kelele, mzee akamshika mkono. "Wakikiona hiki watanikata mguu," alimwambia. "Usiniaibishe." Binti yake anayempigia simu kutoka mbali huambiwa kwamba baba yuko fiti, anaruka kamba.

Hodi inasikika nje. Dada Beseni anapiga magoti mbele ya kitanda.

"Mwalimu, nakuosha kama ningemwosha baba yangu. Leo sitakufichia. Ila sitasema nyuma yako. Sema mwenyewe, au nitasema hapa hapa ukinisikia."

Muuguzi anaingia, anaamkia, anavuta kigoda.

"Hali, Mwalimu?"

"Mzima kabisa."

Dada Beseni anajifuta mikono kwenye doti lake la khanga, ingawa imeshakauka.

"Si mzima," anasema. "Mguu wa kushoto."

Mwalimu anamtazama. "Nilikuamini," anasema. Kisha anageuzia uso ukutani, na polepole anausogeza mguu mbele.

Muuguzi anaivua soksi taratibu. Harufu inajaa chumba. Hashtuki, haguni, anaushika mguu ule kama kitu cha kawaida.

"Kidole siwezi kukuahidi, Mwalimu. Mguu bado tunaweza kuupigania. Lakini twende hospitali leo, si kesho."

Gari la zahanati linaitwa. Dada Beseni anamkunjia mashati mawili na taulo, anampa bega aegemee. Mzee analikwepa, anamwegemea muuguzi.

"Na wewe," anasema bila kugeuka, "usirudi hapa."

Akiwa ameshaketi ndani ya gari, mwandishi anamuuliza kama yaliyotokea yanaweza kuandikwa. Anaitazama miguu yake.

"Andika," anasema. "Wenye soksi si mimi peke yangu."

Gari linaondoka. Dada Beseni anamwaga maji kando ya ukuta. Analia waziwazi, anajifuta kwa bega kwa sababu mikono imelowa. Wazee wengine wanamsubiri, na kufikia mchana kila mmoja atakuwa amesikia alichokifanya. Huenda wapo watakaomfungia mlango. Anasema atabisha hodi vilevile.

Na kwa Mwalimu?

"Siku atakayorudi, asubuhi yake nipo pale mlangoni," anasema. "Anifukuze, ni haki yake. Ninachomwomba Mungu ni kimoja tu: anifukuze akiwa amesimama, kwa miguu yake miwili."